Lipo, Life na Mawe ya Redio

Mara ya kwanza nilipolisikia neno lipo nilidhani aliyelitamka anazungumza Kiswahili. Tulikuwa ukingoni mwa kiwanja cha nyasi kusini-magharibi mwa Ujerumani, Jumamosi ya kiangazi, jirani yangu ameinamia ndege ya jeti yenye urefu wa mtu mzima aliyelala. Si ndege ya kupanda. Ni ndege ya mfano, ya kurushwa kwa rimoti, ila injini yake ni jeti kweli kweli: inavuta hewa mbele, inachoma mafuta katikati, inatupa moto nyuma. Mwenzake alishika karatasi ya ukaguzi akiuliza kimoja baada ya kingine. Magurudumu? Mafuta? Antena? Kisha akauliza, "Lipo?" Jirani akajibu kwa Kijerumani kwamba zote zimejaa. Mimi moyoni nilikwishajibu: lipo.

Lipo ni kifupi cha lithiamu-polima, jina la betri nyepesi inayokaa siku hizi ndani ya ndege za aina hiyo, na ndani ya droni pia. Wapo Waingereza wanaoanza kwa kutamka "lai". Wajerumani hutamka kwa irabu zilezile tulizo nazo sisi, ndiyo maana sikio langu lilidanganyika. Basi kwenye sanduku la zana palikuwa na betri nyingine, yenye plastiki ya kijani, imeandikwa LiFe. Hiyo Fe ni alama ya chuma, kutoka neno la Kilatini ferrum, kwa sababu ndani mna lithiamu, chuma na fosfeti. Msomaji wa Kiingereza akiziona herufi hizo nne anasoma uhai. Mimi nilisoma kinyume chake: life. Nikasimama pale kiwanjani, lipo mkono wa kulia, life mkono wa kushoto, na tangu siku hiyo maneno hayo mawili hayajaniachia.

Kiswahili hakikubali lipo ielee hewani. Lazima kuwe na kitu cha ngeli ya li-ya kinachosemwa: jambo lipo, jibu lipo, jiwe lipo. Na hapa ni jiwe hasa. Mwaka 1817, Johan August Arfwedson alikuwa akichambua madini ya petalaiti kutoka kisiwa cha Utö, Sweden, katika maabara ya mwalimu wake Berzelius, akakuta elementi ambayo haikuwa imejulikana. Ikapewa jina kutoka neno la Kigiriki lithos, maana yake jiwe, kwa kuwa ilipatikana ndani ya jiwe, wakati potasiamu ilijulikana kwanza kwenye majivu ya mimea. Kwa hiyo ukivua lugha zote zilizovikwa juu yake, lithiamu ni ya-mawe.

Sasa nenda magharibi mwa Kenya, kwa watu waliokua na redio ya betri kavu sebuleni. Hawakutuma mtoto dukani kununua betri. Walimtuma mawe: mawe ya redio, mawe ya tochi. Kinyarwanda nacho kinaziita amabuye, ambayo ni mawe yaleyale. Waganda wao waliona makaa, wakasema amanda, na hawakukosea, maana sisi watoto tuliozipasua betri zilizokwisha tulikuta ndani unga mweusi na kijiti cha kaboni, tukakitumia kuchora ukutani hadi tukachapwa. Hakuna hata mmoja kati ya wasemaji hawa aliyekuwa akimfikiria Arfwedson. Betri za redio zile hazikuwa na lithiamu hata chembe. Lakini jina lilikwisha kutangulia likakaa mahali pake, likisubiri kitu kije.

Neno betri lenyewe lina historia ya vita. Benjamin Franklin, katikati ya karne ya 18, alipanga vioo vya kuhifadhia umeme safu moja, akaviunganisha vifyatue kwa pamoja, na akaviita kwa jina la safu ya mizinga. Betri ni kikosi cha mizinga, na seli moja peke yake, kwa haki ya lugha, si betri. Sisi tulilipokea likiwa limekwisha kusahau mizinga yake, tukalitumia kwa kila kitu: betri ya gari yenye maji ya asidi, ya saa ndogo kama kishikizo, ya simu, ya tochi. Wajerumani wana maneno mawili, Batterie kwa ile inayotupwa ikiisha na Akku kwa ile inayochajiwa. Sisi tuna moja tu, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia.

Mkono hufuata neno. Betri ya redio ilipolegea tulijua la kufanya: kuianika juani, juu ya bati, ikapata nguvu ya kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Wengine waliiuma kwa meno. Wengine waliigongagonga. Mambo hayo yote yalikuwa yakienda na neno betri kama vile ufagio unavyokwenda na uwanja. Lipo ukiianika juani inaharibika, na ukiiuma inaweza kukuwakia mdomoni. Kitu kimebadilika, jina limebaki, na mazoea yamebaki pamoja na jina.

Ningetamani kusema kwamba jina kamili, lithiamu-polima, linasaidia. Halisaidii sana, kwa sababu nalo limepotoka. Polima iliyokusudiwa mwanzoni ilikuwa ni elektroliti yabisi: badala ya kimiminika kati ya ncha chanya na ncha hasi, pangekuwa na polima kavu isiyovuja. Betri zilizoenea katika ndege za mfano haziko hivyo. Ndani mna kimiminika, au utelezi unaokaribia ute wa bamia, na kimiminika hicho kinawaka moto. Kilicho tofauti ni nyumba yake. Seli nyingine hufungwa ndani ya mkebe wa chuma. Hii imefungwa ndani ya mfuko laini wa karatasi ya alumini iliyopakwa plastiki. Ukiishika unaona mara moja. Inabonyea kidogo chini ya kidole gumba, kingo zake zimebanwa kwa joto kama pakiti ya maziwa. Mimi ningeiita betri ya mfuko. Jina hilo mtu akilisikia hahitaji kuelezwa kwamba haifai kutobolewa, kukaliwa, wala kubanwa na skrubu.

Lakini kwanza inafanya nini humo, ikiwa injini inakula mafuta? Swali hili nilimuuliza jirani, naye akanionyesha pampu ndogo isiyozidi kidole, mota ya kuanzishia injini, na kisanduku cha kompyuta kinachosoma joto na mizunguko. Vyote vinaishi kwa betri. Injini yenyewe ni tabaini, neno lililotungwa na Mfaransa Claude Burdin mwaka 1822 kutoka turbo ya Kilatini, yaani kisulisuli, au pia ya mtoto ya kuchezea. Na hakika hii ni pia: gurudumu linaloenea kiganjani, linalozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Kurt Schreckling, Mjerumani aliyewafungulia njia watu wa kutengeneza injini hizi nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1980, gurudumu lake la kukandamiza hewa alilitengeneza kwa plaiwudi na nyuzi za kaboni. Wa mwanzo waliziamsha injini kwa kuzipulizia hewa, kazi ya mvukuto wa mhunzi. Sisi tunaosema mabwawa yanafua umeme, kwa kitenzi kilekile cha mhunzi, tungeelewana nao haraka.

Na mafuta? Mafuta ya taa. Nilicheka kwa furaha nilipoinusa ile chupa. Ni yaleyale ya koroboi na karabai, yamechanganywa na oili kidogo ya kulainisha beringi. Wakati wa kuiwasha injini, betri kwanza inapasha moto kijiti cha kauri kilicho ndani ya chumba cha mwako. Mota inazungusha pia polepole. Pampu inadondosha mafuta juu ya kijiti kile hadi yageuke mvuke na kushika moto. Kisha mafuta mengine yanapitishwa kwenye mirija iliyokwisha kupata joto ili nayo yawe mvuke kabla ya kuwaka. Aliyewahi kumwona babu akiwasha karabai ameshaiona hatua hii: spiriti kwanza kwenye kikombe, mrija upate moto, halafu ndipo mafuta yafunguliwe, na ukifungua mapema yanatoka mabichi na moto mwekundu wa kutisha. Injini hizi nazo zina moto huo wa mafuta mabichi, ndiyo sababu mtu mmoja husimama pembeni na mtungi wa kuzimia moto, hasemi na mtu.

Hapa Kiswahili kiko nyumbani kwake. Sisi tunawasha gari, tunawasha redio, tunawasha simu, hata pasipo na mwali wowote. Na vikikoma, vimezimika. Tumeazima maneno ya jikoni tukayagawia mashine zote. Kwenye tabaini maneno hayo yanarudi kwenye maana yake ya kwanza. Injini inawashwa kama kuni zinavyowashwa, na betri ikikatika angani pampu inasimama, mafuta hayafiki, mwali unakufa, na jambo hilo hatuhitaji kulitungia istilahi. Injini imezimika. Nilimtafsiria jirani neno hilo, nikamweleza kwamba taa huzimika na moto huzimika kwa neno lilelile, na kwamba mtu akipoteza fahamu tunasema amezimia. Akaniomba nirudie mara mbili.

Neno ninalolipigania, hata hivyo, ni jingine. Chaji ikifika juu tunasema imejaa, na kila mtu anaelewa. Ikishuka tunasemaje? Imeisha. Imekufa. Imekata. Maneno yote haya yanapeleka akili kwenye sifuri, kana kwamba betri ni kibuyu cha kumwaga mpaka tone la mwisho. Kwa betri ya mfuko huo ni msiba. Seli yake ikijaa inafika volti 4.2. Kwa kawaida huhesabiwa 3.7. Ikishuka chini ya 3.0 inaanza kuharibika ndani, na ikiachwa huko, pengine kwa sababu mtu alisahau swichi usiku kucha, haifai kuamshwa tena. Mwenye busara hutua zamani kabla ya hapo. Ukisema "nimeirusha mpaka imeisha", umeshaiua.

Sasa msikilize mvuvi wa Unguja. Bahari ikirudi nyuma hasemi imeisha. Anasema maji yamekupwa, na anajua yatajaa. Na kinachotokea ndani ya seli ndicho hicho hasa: lithiamu ileile inatoka upande wa kaboni kwenda upande wa oksaidi ya metali wakati betri inatumika, na wakati wa kuchaji inarudi ilikotoka. Hailiwi, haichomwi. Inakwenda na kurudi, mamia ya mara, mpaka betri izeeke. Tunalo tayari neno kujaa. Mwenzake halali ni kupwa. Betri imejaa, betri imekupwa. Mtu akizoea kusema hivyo, sakafu ya volti 3 itamkaa kichwani bila kufundishwa, kwa kuwa maji ya pwani nayo hukupwa mpaka kiwango chake, hayakauki.

Kuna hali ya tatu, ya betri isiyotumika wiki nzima. Haitakiwi ikae imejaa wala imekupwa. Huachwa karibu na volti 3.8 kwa kila seli. Vitabu vya maelekezo vinaiita hali ya kuhifadhi. Mimi husema kuilaza. Fundi wa simu hulalamika kwamba betri "hailali na chaji", na mama huangalia watoto wasilale na njaa wala wasilale wamevimbiwa. Laza betri kwa 3.8: ni maneno machache na hayana pa kupotelea.

Nimetaja kuvimbiwa, na hapo niseme kidogo juu ya kuvimba, kwa sababu ni istilahi bora kuliko yoyote niliyoiona katika vitabu. Miaka kadhaa iliyopita simu yangu ilianza kuinuka mgongo. Fundi mmoja wa Kariakoo aliigeuza, akaiweka mezani, akaizungusha kwa ncha ya kidole. Ikazunguka, kwa kuwa haikuwa tena bapa. "Imevimba," akasema. "Usiichaji, usiitoboe." Hakuniambia neno lolote la kemia. Ndani ya mfuko ule elektroliti ilikuwa imevunjika ikatoa gesi, na gesi haina pa kutokea. Kuvimba ni neno la jipu, la mguu uliotegukia shimoni, la unga uliotiwa hamira. Linaeleza shinikizo, linaeleza joto, na linaonya dhidi ya sindano. Mwenye ndege ya mfano anapaswa kufanya alivyofanya fundi yule: aiweke betri mezani na aizungushe kabla ya kuitia ndani.

Yakizidi huko, watu husema betri imelipuka. Mara nyingi si kweli. Kwanza inafuka moshi, kisha inapasuka mfuko, kisha inawaka kwa nguvu, na moto wake hupasha joto seli ya jirani mpaka nayo iwake. Kufuka, kupasuka, kuwaka, kuambukiza. Tukisema kulipuka tunamwambia mtu kwamba jambo limetokea ghafla na hakuna alichoweza kufanya, ilhali wakati wa kufuka ndio wakati wake wa kuondoka na kuondoa watoto.

Herufi nazo zinaweza kuunguza. Life, ile ya kijani, seli yake hujaa kwa volti 3.6. Ukiichomeka kwenye chaja na kuiambia chaja kwamba hii ni lipo, chaja itatii, itaisukuma kuelekea 4.2. Tofauti kwenye kioo cha chaja ni herufi mbili. Watu wa ndege hizi wengi huichagua life kwa upole wake, ijapokuwa ni nzito kidogo kwa nguvu ileile, na wengine hushikilia lipo kwa wepesi wake. Lakini wepesi si faida kila mara. Injini na bomba lake viko nyuma, kwa hiyo betri huwekwa puani ili ndege isimame sawa kwenye kitovu cha uzito wake. Na wapo waliobadilisha betri zao nzito za zamani, wakafurahia gramu walizookoa, kisha wakalazimika kutia risasi puani kufidia. Risasi ya kuzamishia nyavu, namaanisha.

Neno moja limenishinda. Betri ya injini ni moja, lakini betri za usukani, zile za kipokezi cha rimoti na mota za mabawa, kwa kawaida ni mbili. Injini ikizimika rubani bado anaweza kuielekeza ndege chini. Usukani ukizimika hana lake. Kwa hiyo mbili zinafanya kazi pamoja, na moja ikianguka nyingine inabeba. Niliziita betri ya kwanza na betri ya akiba, nikasahihishwa, na nilistahili. Akiba ni kitu kilichowekwa kando: tairi la akiba liko kwenye buti, halizunguki. Hizi zote zinazunguka. Pacha linafaa zaidi, ingawa pacha hawabebani. Kwenye ngalawa kuna magongo mawili ya pembeni, rengu, yanayogusa maji kwa zamu kadiri chombo kinavyolala huku na huku, na kila nikizifikiria betri hizi naiona ngalawa. Sijathubutu kuziita rengu mbele ya mtu.

Jioni ile ndege ilitua ikiwa nzima. Jirani aliifungia mafuta, mlio wa filimbi ukashuka, nikadhani tumemaliza. Kumbe betri bado ilikuwa kazini. Mota ya kuanzishia iliendelea kuzungusha pia kwa vipindi, ikivuta hewa baridi kupitia chuma kilichokuwa na joto la mamia ya digrii, kila mara ikipumzika na kuanza tena, mpaka kipimo kikashuka. Betri iliyokupwa kupita kiasi isingebaki na nguvu ya kazi hiyo, akanieleza, na beringi zingeungua kimya kimya baada ya ndege kutua.

Akafungua pua, akachomoa plagi, akanipa niishike. Ilikuwa vuguvugu kama yai lililotoka kutagwa. Seli tatu, waya nne nyembamba kwenye plagi nyeupe ya kusawazisha. Aliipima, akaandika namba kwenye utepe, akaiingiza ndani ya sanduku la chuma lililowahi kubeba risasi za jeshi, ambalo mpira wa kifuniko chake ameuondoa ili gesi ikitokea ipate njia. Nikamweleza habari za Franklin na mizinga yake, kisha habari za jina la betri huko Kenya na Rwanda. Akauliza linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja, naye akaziandika kwa kalamu nene juu ya kifuniko: MAWE.